Mmetunyima muda wa kusita: barua ya wazi kwa wenye vyombo vya habari, wenye mitandao na viongozi wa dini

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa pamoja: wenye magazeti, redio na runinga, wenye mitandao ya kijamii na wahandisi wenu, na nyinyi mashehe, maaskofu, wachungaji na walimu wa dini ambao neno lenu moja husikilizwa na maelfu. Najua hamjazoea kuitwa kikao kimoja. Kila upande una kawaida ya kuunyooshea mwingine kidole. Wa dini wanasema vyombo vya habari ndivyo vilivyoharibu kizazi. Wahariri wanasema mitandao imewaulia taaluma. Wenye mitandao wanasema wao wametoa uwanja tu, wanaocheza rafu ni watu wenyewe. Lakini mkishamaliza kulaumiana mnakubaliana jambo moja, nalo nalisikia kwenye mimbari, nalisoma kwenye tahariri na kwenye taarifa za kampuni: kwamba watu wa leo wameharibika. Hawana haya, hawana subira, hofu ya Mungu imewatoka.

Hapo ndipo ninapopingana nanyi. Nimefanya kazi ya uhariri kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na nimelelewa katika nyumba ya ibada, kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona nikiwa ndani. Sioni dalili kwamba moyo wa binadamu umegeuka ndani ya miaka 20. Watu bado wanauguza wazazi wao kwa miaka bila kulipwa. Bado wanalia msiba usiokuwa wao. Bado wanarudisha pochi waliyoiokota. Kilichogeuka ni mazingira mliyowajengea, na katika mazingira hayo mmeondoa kitu ambacho maadili hayaishi bila hicho, nacho ni muda wa kusita. Ule muda mfupi kati ya kuona na kutenda, kati ya kusikia na kusema, ambao ndani yake mtu hujiuliza: je, hili ni kweli, je, ni haki, je, angekuwa mama yangu?

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa Seminari ya Kitheolojia ya Princeton. Hao walikuwa vijana wanaosomea kuwa watumishi wa Mungu. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Nusu yao walipewa kisa cha Msamaria Mwema, yule aliyesimama kumhudumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi wakati kuhani na Mlawi wamekwisha kupita. Wengine walipewa mada ya ajira. Kisha wapo walioambiwa wana nafasi ya kutosha, wapo walioambiwa waondoke sasa hivi, na wapo walioambiwa wameshachelewa, wanasubiriwa. Njiani, kwenye kichochoro, waliwekewa mtu aliyejikunja mlangoni, kichwa kakiinamisha, macho kayafumba, anakohoa na kuguna.

Katika waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Katika walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada waliyoibeba kichwani haikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Wapo waliokuwa wanakwenda kuhubiri habari za Msamaria, nao wakamruka yule mtu ili wawahi kuhubiri.

Jaribio hilo limekaa nami miaka mingi kwa sababu linayakataa maelezo yetu mepesi. Wale vijana hawakukosa mafundisho. Maandiko waliyajua kuliko wengi wetu. Wala hawakuwa na moyo wa jiwe, maana watafiti waliona kuwa baadhi ya waliopita walifika kule walikotumwa wakiwa wamefadhaika. Dhamiri ilikuwepo. Ilikosa nafasi ya kusema, na aliyeinyima nafasi hiyo ni yule aliyewaambia mlangoni, "Umechelewa."

Ninaposema mazingira ndiyo yaliyogeuka, nina maana kwamba leo kila mwenye simu anaambiwa amechelewa tangu anapofumbua macho. Arifa zinalia. Habari za hivi punde zinapita chini ya skrini hata pale ambapo hakuna jipya. Picha zinawekwa ili zifutike baada ya saa 24, usipoziona sasa huzioni tena. Mtu akikuta ajali anahisi kwamba asipoirekodi yeye ataiweka mwingine. Sitetei anayeinua simu badala ya kumfunga majeruhi kidonda. Anakosea, na atajibu mbele ya Mungu wake. Lakini nyinyi mliomwambia kila siku kwamba wa kwanza ndiye wa maana, mnasimama mimbarini na kwenye tahariri mkimshangaa?

Nianze na wenzangu wa chumba cha habari, maana huko ndiko ninakokujua zaidi.

Vyumba vingi vya habari siku hizi vina skrini kubwa ukutani inayoonyesha, dakika kwa dakika, habari gani inasomwa na watu wangapi. Nimefanya kazi chini ya skrini hiyo. Siku moja ripoti juu ya fedha za hospitali, iliyomchukua mwandishi muda mrefu na hatari isiyo ndogo, ilikuwa chini kabisa. Juu kabisa ilikaa video ya mwanamke anayefokewa na mumewe barabarani, khanga imemdondoka begani, anajaribu kuiokota huku akiuficha uso. Hakuna aliyetoa amri yoyote mbaya. Mkubwa wa zamu alinyanyua macho, akaitazama skrini, akauliza, "Hiyo ya juu, tuna picha nyingine?" Chumba kizima kikaelewa kazi ya siku ile ni ipi. Mwanamke yule hakupigiwa simu. Uso wake haukufichwa. Kama ana watoto, walikwenda shule kesho yake mbele ya wenzao waliokuwa wameiona.

Hakukuwa na mtu mwovu mle ndani. Palikuwa na waandishi waliokula kiapo cha taaluma, baadhi yao wakisali na kufunga, na palikuwa na skrini. Hivyo ndivyo maadili ya kazi yetu yanavyokufa, kwa swali la heshima linaloulizwa kwa sauti ya chini.

Mtanijibu kwamba watu ndio wanaoyataka hayo, na kwamba idadi haidanganyi. Naikubali idadi, naikataa tafsiri yake. Mtu akisikia ukelele hugeuza shingo. Hakuuomba ule ukelele, na ukimuuliza angependa kuishi mahali pa namna gani hatakuambia penye makelele. Kubofya ni kugeuza shingo. Mmeuchukua mshtuko wa mwili mkauita kura ya wananchi, na kwa kura hiyo mnahalalisha kila kitu.

Jambo hili lina gharama ya damu, si ya aibu tu. Tarehe 15 Machi 2019, mtu mmoja aliingia katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, wakati wa sala ya Ijumaa, akaua watu 51. Aliyarusha mauaji ya msikiti wa kwanza mubashara kwenye Facebook. Alijua anachokitafuta: alitaka watazamaji, na aliandaa tukio lake kwa ajili yao. Facebook wenyewe walisema kwamba katika saa 24 za kwanza waliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo, na milioni 1.2 kati yake walizizuia kabla hazijaonekana. Hesabu inayobaki ni 300,000 zilizopita, na hazikupita zenyewe. Ziliwekwa na mikono ya watu, na siamini kwamba wote walikuwa na chuki na Waislamu. Nadhani wapo waliokuwa wameshtuka tu, wakabonyeza. Waziri Mkuu wa nchi hiyo wakati huo, Jacinda Ardern, alisimama bungeni akasema hatalitaja jina la muuaji, akawaomba watu wataje majina ya waliouawa. Ni jambo dogo, mtu kukataa kutamka jina. Lakini alifanya kile ambacho vituo vingi vya habari duniani vilishindwa kukifanya siku zile: alisita, akafikiri nani atanufaika na maneno yake.

Sasa nyinyi wa mitandao. Mnapenda kusema kwamba nyinyi ni kioo tu, kwamba sura mbaya ni ya anayejitazama. Kama ni kioo basi ni kioo kinachochagua. Ilipofika mwaka 2017, Facebook ilianza kuzihesabu alama za hisia, kicheko, mshangao, huzuni, hasira, kuwa na uzito mara tano ya alama ya kupenda, pale kompyuta zilipokuwa zinaamua nini kitangulie mbele ya macho ya watu. Maana yake ni kwamba aliyekuudhi alipandishwa juu kuliko aliyekufurahisha kwa utulivu. Habari hizo zilitoka hadharani mwaka 2021 kupitia nyaraka za ndani alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo. Nyaraka hizohizo zilionyesha kwamba watafiti wa ndani waliona hatari, wakaonya. Hatimaye mwaka 2020 uzito wa alama ya hasira ulishushwa hadi sifuri. Kilichotokea baadaye nawaomba viongozi wa dini wakisikilize vizuri: uzushi uliowafikia watu ulipungua, na picha za ukatili zikapungua, na matumizi ya mtandao hayakushuka.

Kwa miaka mitatu mamilioni ya watu walikuwa wanahubiriwa waache hasira, na hasira ilikuwa inapandishwa bei na mtu mwingine ofisini. Namba moja ilipobadilishwa, uzushi na picha za ukatili vilipungua. Hakuna khutba iliyofanya hivyo.

Upo pia utafiti wa Chuo cha MIT cha Marekani uliochapishwa katika jarida la *Science* mwaka 2018, wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral. Walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa kwenye Twitter na watu wapatao milioni 3 kati ya mwaka 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa kuliko ya kweli, na ukweli ulichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za mashine kwenye hesabu, matokeo yalibaki yaleyale. Ni sisi, binadamu. Uongo ulikuwa mgeni masikioni, ulishangaza, na kinachoshangaza hupitishwa kabla hakijapimwa.

Hapa mnaweza kusema kwamba nimejifunga mwenyewe, kwamba utafiti huu unathibitisha watu ndio wabaya. Hapana. Unathibitisha kwamba binadamu akipewa kitufe cha kusambaza bila kusita atasambaza bila kusita. Mpe kikwazo kidogo uone. Mwaka 2018 nchini India makundi ya watu yaliua wapita njia baada ya uzushi wa wateka watoto kuzagaa kwenye WhatsApp. Kampuni ikapunguza idadi ya watu unaoweza kuwapelekea ujumbe kwa mkupuo mmoja, na Januari 2019 kikomo cha kupeleka sehemu tano kwa mkupuo kikawekwa duniani kote. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa wengi ukaruhusiwa kupelekwa sehemu moja tu kwa wakati. Ndani ya wiki chache kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za namna hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kusema. Aliyetaka kuupeleka kwa watu kumi bado aliweza, ila ilimbidi aufanye mmoja mmoja. Katika ule mmoja mmoja, watu wengi mno waligundua hawakuwa na haja ya kuupeleka. Sijui uthibitisho mwingine ulio wazi kiasi hicho kwamba dhamiri bado ipo, inasubiri kupewa sekunde chache.

Na wahariri msidhani hili ni la teknolojia pekee. Vienna, miaka ya 1980, magazeti yalikuwa yakiandika kwa mbwembwe habari za watu waliojiua katika reli ya chini ya ardhi, na idadi ya waliofanya hivyo ikawa inapanda. Mwaka 1987 chama cha kuzuia kujiua cha Austria kiliwapelekea wahariri mwongozo: msiiweke ukurasa wa mbele, msieleze namna, msiifanye hadithi ya kusisimua. Wahariri wakakubali. Kati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mwaka ule, matukio hayo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Leo Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake kwa waandishi juu ya jambo hilohilo, nao unapatikana bure, na bado kila mtu maarufu anapofariki kwa namna hiyo naona vichwa vya habari vinavyoeleza kila kitu. Mkisema hamna uwezo juu ya mienendo ya watu, Vienna inawakanusha.

Viongozi wangu wa dini, nimewaacha nyuma kwa sababu kwenu nina mengi, na kwa sababu ninawategemea zaidi kuliko hao wengine.

Mnayo hazina ambayo chumba cha habari hakina. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inawaamrisha waumini wachunguze habari wanayoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki na majuto. Aya ya 12 ya sura hiyohiyo inamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Torati inakataa kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Inataka wawili au watatu. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inasema ndugu yako akikukosea nenda ukamwonye mkiwa wawili peke yenu kwanza. Kwa Wabudha, kujiepusha na maneno ya uongo ni moja ya amri tano za msingi za mwenendo. Na wanazuoni wa Hadithi, wengine katika karne ya 9 kama Bukhari na Muslim, walijenga elimu nzima ya kumpima anayesimulia: nani kapokea kwa nani, walikutana kweli, kumbukumbu yake ikoje, aliwahi kusema uongo? Imamu Muslim katika utangulizi wa mkusanyiko wake ameleta onyo la Mtume, kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila analolisikia.

Kila analolisikia. Hajasema anayetunga. Amesema anayepitisha. Kwa watu waliokuwa wakisafiri safari ndefu kuhakiki sentensi moja, hiyo ilikuwa ibada. Nilitarajia warithi wao ndio wangekuwa wa kwanza kutufundisha namna ya kuishi na simu.

Badala yake naona mahubiri yamekatwa vipande vya sekunde chache, na kipande kinachochaguliwa ni kile cha ukali: mhubiri anapowatukana wa dini nyingine, anapowachambua wanawake mavazi, anapomtaja mkosaji kwa jina. Naona wakosaji wakiungamishwa mbele ya kamera. Binti aliyepata mimba anasimamishwa, aliyeiba anasimamishwa, mgonjwa wa akili anawekewa mikono huku anarekodiwa akiwa hajijui, na video inawekwa mtandaoni pamoja na mstari wa Maandiko. Toba ni siri ya mtu na Mola wake. Mtu aliyeungamishwa hadharani hawezi kusahauliwa tena. Miaka kumi baadaye anayemwajiri ataiona ile video. Mmempa msamaha wa Mungu, mmemnyima wa watu.

Na sadaka. Nilikuwepo katika ukumbi mmoja wa ibada, siku ya kugawa misaada kwa wajane. Mama mmoja wa makamo aliitwa mbele, akapokea bahasha kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mpiga picha akasema mwanga wa dirishani umeharibu, arudie. Mama akairudisha bahasha kwa kiongozi. Akarudi nyuma hatua chache, akaitwa tena jina lake, akaja tena, akapokea tena, akaambiwa atabasamu. Safari ile alikuwa ameuvuta mtandio hadi karibu na macho, na aliponyanyua uso niliona ametabasamu kama alivyoagizwa. Kiongozi yule ni mtu mwema, nawahakikishia; baadhi ya fedha zile zilitoka mfukoni mwake. Lakini wote tulioketi pale tunajua Mathayo sura ya 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Na Kurani, Al-Baqara aya ya 264, inasema sadaka hubatilika kwa masimbulizi na maudhi, na aya ya 271 inasema kumpa fakiri kwa siri ni bora zaidi. Hakuna aliyesimama kusema basi. Video ile ilihitajika kabla ya jioni, tukawa kama vijana wa Princeton.

Kwa hiyo mnapokemea vijana wanaojianika mtandaoni kwa kutafuta kiki, wanatazama kurasa zenu na wanaona hesabu ya wafuasi imeandikwa kwa fahari. Hawajaasi mafundisho yenu. Wameyafuata yale mnayoyatenda.

Nirudi kwenu nyote. Wapo watakaosema haya ni mambo ya tabia njema tu, si ya kuwawajibisha wakubwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilikwishalijibu hilo. Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, kwa sehemu yao katika mauaji ya kimbari ya 1994. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hatia haikufutwa yote. Majaji waliandika jambo ambalo kila mwenye chombo anapaswa kulijua: kwamba uwezo wa vyombo vya habari wa kujenga na kubomoa tunu za msingi za utu huja na dhima kubwa, na wanaovishika wanawajibika kwa matokeo yake. Hawakusema wanaosikiliza. Walisema wanaovishika.

Silinganishi kila mtandao na redio ile. Nasema tu kwamba kanuni ya uwajibikaji ipo, na Facebook nao mwezi Novemba 2018 walikiri kwamba hawakufanya ya kutosha kuzuia mtandao wao kutumika kuchochea vurugu Myanmar, baada ya zaidi ya Warohingya 700,000, Waislamu walio wachache nchini humo, kukimbia makwao. Kukiri kulikuja wakati watu wako kambini.

Sasa ninachoomba. Wenye mitandao, rudisheni kikwazo. Mmeshaona kwa WhatsApp na mmeshaona kwa alama ya hasira kwamba kikwazo hakiui biashara. Mtu akitaka kusambaza habari ambayo hajaifungua, asubiri kidogo aulizwe. Video ya mtu aliyejeruhiwa au aliyevuliwa nguo isipite kwa kasi ya video ya kuchekesha. Na mfumo wa kompyuta unaochagua kitangulie nini uwekwe wazi ili watu wa nje waukague, kama sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 ilivyoanza kuwataka wakubwa wenu wafanye. Juu ya watoto sina haja ya kusema mengi: Australia imekwishapiga marufuku akaunti za walio chini ya miaka 16 tangu Desemba 2025, na kama hampendi nchi nyingine zifuate njia hiyo nzito, fanyeni wenyewe kilicho chepesi.

Wahariri wenzangu, iondoeni skrini ukutani. Takwimu zibaki kwa anayezihitaji, azisome mwisho wa siku, zisitazamwe wakati uamuzi juu ya uso wa mtu unafanywa. Kabla ya kumchapisha mtu asiye kiongozi akiwa katika aibu yake, apigiwe simu, na asipopatikana uso ufichwe. Mkikosea, masahihisho yakae palepale kosa lilipokaa na kwa herufi zilezile, maana kukosea ukurasa wa kwanza na kujisahihisha ukurasa wa ndani ni kusema uongo mara ya pili. Na wakati huu ambapo akili mnemba inaweza kutengeneza sura na sauti ya yeyote, kama ilivyoonekana Machi 2023 pale picha bandia ya Papa Fransisko aliyevaa koti kubwa jeupe ilipowahadaa watu wengi, mkichelewa saa moja ili mhakiki hamjashindwa na mtu. Ninyi mnalipwa kwa ajili ya hiyo saa moja.

Mashehe na maaskofu, wachungaji na walimu, kwenu naomba mambo ambayo hayahitaji sheria wala fedha. Toeni kamera mahali pa kugawa sadaka, na mahali pa toba, na kitandani kwa mgonjwa. Zile video za watu walioungamishwa ambazo ziko kwenye kurasa zenu hivi sasa, zifuteni, kisha nendeni kwa wenyewe mkawaombe radhi, na safari hiyo msiende na mpiga picha. Fundisheni uhakiki wa habari kama mnavyofundisha sala, kwa watoto na kwa watu wazima, mkitumia elimu ya mapokezi na kanuni ya mashahidi wawili ambazo mnazo tayari. Na anapotokea mhubiri mwenzenu amepata wafuasi kwa kuwatukana wa imani nyingine, mkemeeni nyinyi, si serikali.

Naomba kila upande unijibu kwa yale yaliyo mikononi mwake, bila kutaja ya mwenzake. Majibu yaje hadharani, kama nilivyoandika hadharani, na yanaweza kuchukua muda wowote mtakaouhitaji.

Wenu katika kazi na katika ibada,

Mhariri